Kwa Ajili ya Kina

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kunisoma nikizungumzia tenzi za watu wengine. Leo naomba ruhusa nizungumzie utenzi wangu mmoja, ambao haukupata kuchapishwa wala sipendi uchapishwe, kwani ubeti wake mmoja ulimvunja mtu mguu.

Mwaka 1993 nilikuwa na umri wa miaka 23. Skuli nilikwisha kuiacha zamani, katika kidato cha pili, marehemu baba alipougua. Elimu niliyokuwa nayo ilikuwa ya chuoni, ya barazani na ya vitabu vya kuazima. Nilikuwa mchukuzi bandarini, siku moja kazi ipo na siku nyengine haipo, pale jamaa mmoja aliponiambia kwamba kituo kimoja cha zimamoto hapa Unguja kinatafuta vibarua wanne wa kushika nafasi za askari waliopelekwa mafunzoni. Muda ni miezi sita. Kituo chenyewe sitakitaja, kwani wengi wa tuliokuwa nao wangali hai na wana wajukuu.

Nilidhani naenda kuzima moto. Wiki za mwanzo nilizima majiko ya chai. Nilifagia ua, nikaosha gari, nikaosha mipira ya turubai na kuipandisha kwenye mnara ikauke, kwani mpira wa turubai ukikunjwa na unyevu wake huota ukungu na kuoza, na mpira uliooza hupasuka siku unapohitajiwa. Kuosha mipira si kazi ya fakhari. Ukipanda ngazi za mnara na mipira mibichi begani, maji hukuchuruzikia shingoni mpaka viatuni, na walioko chini hucheka.

Jina langu hawakulitumia. Waliniita Miezi Sita. "Miezi Sita, lete ndoo." "Miezi Sita, hebu tazama kama maji yamechemka." Vikombe vya bati vilitundikwa kwenye misumari ukutani, kila kimoja na mwenyewe, na vibarua tulinywea kwenye makopo ya maziwa. Hapakuwa na amri iliyosema hivyo. Ndivyo ilivyokuwa tu.

Wakati ule niliwaona watu wakavu wa roho. Nilikuja kuifahamu hesabu yao baadaye. Katika moshi huoni, unasikia kwa mkono tu: mkono wa mwenzio ulioshika mpira nyuma yako. Ukiwa humjui mwenye mkono ule, hujui kama utaubakia pale sakafu itakapoanza kulia. Kumfahamu mtu huchukua miaka, na mtu wa miezi sita ataondoka kabla ya kufahamika. Basi kwa nini wajichoshe?

Aliyenichosha kuliko wote ni mzee wa pampu. Sote tukimwita Ami, hata ofisa wa zamu alipokuwa hana wageni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi hakunipa hata hayo machache. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Ami," naye akajibu, "Marahaba," huku anasikiliza injini. Kazi yake ilimfaa. Vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi gari la zimamoto. Gari husimama barabarani, na mpira huungwa kwa mpira mpaka ulipo moto. Kila mmoja ulikuwa na urefu wa mita 25, na ukijaa hubeba zaidi ya lita 80 za maji. Kila mpira unaoongezwa hula nguvu ya maji. Mtu wa pampu hauoni moto wala hamwoni aliyeshika mdomo wa mpira. Hukisia kwa sauti ya injini na mtetemo wa mpira chini ya unyayo wake. Akizidisha humtupa mtu ukutani, akipunguza humwacha mbele ya moto na mchirizi wa kutilia udhu. Ami hakuwahi kumtupa mtu.

Baada ya mwezi, alfajiri moja, aliniambia, "Vaa viatu." Tukaingia mjini kwa miguu. Tangu siku ile, kila zamu yetu ilipokuwa ya asubuhi, alinichukua kuzunguka vichochoro vya Shangani, Sokomuhogo, Kiponda, Mkunazini na Malindi, kunionesha mifuniko ya chuma ya mabomba ya zimamoto. Mengine yalikuwa yamefunikwa na lami, mengine yamewekewa meza za biashara, mengine ni mazima. Alikanyaga mfuniko kwa kisigino na kusema neno moja: "Hai," au "Limekufa." Sikuambiwa niandike. Nilitakiwa nikumbuke.

Alinifunza na nyumba. Tunajisifu kwamba nyumba zetu za mawe haziungui, na kweli kuta haziungui, ni matumbawe na chokaa. Lakini dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, kwani boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe hushindiliwa chokaa. Ni uzito wa kutisha. Moto ukishakula vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, dari yote hushuka pamoja bila ya kuaga. Na maji unayoyamwaga yakinywewa na chokaa, unaiongezea mzigo wewe mwenyewe. "Usisimame katikati ya chumba cha mtu," alisema Ami. "Simama ukutani kama mgeni." Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizomsikia katika miezi ile.

Sasa nije kwenye utenzi.

Usiku wa zamu ni mrefu, na nilikuwa na daftari. Nilianza kuyatunga mabomba yale katika beti za mizani nane, vina vitatu na bahari, ili nisisahau. Mtaa kwa mtaa, bomba kwa bomba. Koplo mmoja kijana, mcheshi, ambaye ndiye pekee aliyekuwa akinitupia neno la mzaha lisilo na mwiba, aliliona daftari. Akasoma kwa sauti. Bweni zima likacheka, kisha likanyamaza, kisha mtu akasema, "Rudia ule wa Malindi." Katika muda wa wiki mbili walikuwa wakiuimba wakati wa kuosha gari. Askari wa miaka kumi na tano kazini, ambao walikuwa wakichanganya bomba la mtaa huu na la mtaa ule, waliacha kuchanganya. Ofisa wa zamu alikuja kuusikiliza, akatikisa kichwa, akaniuliza nimesoma wapi.

Asubuhi moja nilikuta msumari mpya ukutani na kikombe cha bati juu yake.

Msomaji atanisamehe nikisema kwamba sijapata tuzo iliyonifurahisha kama kikombe kile. Nilikinywea chai ya kwanza kwa makusudi mbele ya watu wote. Ami peke yake hakusema kitu kuhusu utenzi. Aliusikia wote, amekaa kwenye ngazi ya gari, akaniuliza swali moja: "Yote umeyakanyaga?" Nikasema yote.

Ubeti wenyewe ni huu:

*Ukivuka msikiti,*
*kushotoni pana kiti,*
*bomba li chini ya mti,*
*maji tele ya kuzima.*

Si ubeti mbaya. Unakaa kinywani. Ila mahali pale palikuwa na mabomba mawili: moja chini ya mti, na jengine mbele zaidi, baada ya kona, kando ya ukuta wa kinyozi. La kinyozi lilikuwa hai. La mtini Ami alilikanyaga mbele yangu na kusema, "Limekufa," na nilimsikia kwa masikio yangu mawili. Lakini nilikwisha kupata msikiti na kiti, na kiti cha mawe kile nilikipenda, na kinyozi hakikubali kuingia kwenye *ti* hata nikifanyeje. Nikaandika mti. Nikajiambia nitaurekebisha. Na hayo maji tele, hayakuwa na asili yoyote. Mizani ilipungua na maneno yale yalikuwepo.

Moto ulikuja usiku wa kaskazi, pepo zinavuma. Nyumba ya ghorofa mbili, ndani kabisa, nyuma ya msikiti ule ule. Jiko la mafuta ya taa lilipinduka katika chumba cha juu. Watu walikwisha kutoka, na bibi mmoja alikuwa amekaa barazani kwa jirani, mikono kichwani, anauliza kasha lake. Tulisimamisha gari barabarani, tukaunga mipira sita, na koplo akachukua ufunguo wa bomba na kukimbia mbele huku anausema ubeti. Nilimsikia. Alikuwa akiusema kwa mwendo wa miguu yake, kama mtu anayehesabu.

Gari letu lilikuwa na tangi la lita 1,800. Kwa mpira mmoja, hayo ni maji ya dakika nne, au kidogo zaidi kwa mtu mwenye mkono wa uchumi. Desturi ni kuanza na tangi huku mwenzio anafungua bomba la mtaa, na moja lisikatike kabla la pili halijafika. Koplo aliufungua mfuniko wa mtini, akatia ufunguo, akazungusha. Akazungusha tena. Alidhani umekwama. Alipigana nao, kwa ushahidi wake mwenyewe, mpaka aliposikia injini ya pampu imebadilika sauti, na kila mtu wa zimamoto anaijua sauti ile: ni tangi linalovuta hewa.

Aliyekwenda kwenye bomba la kinyozi ni Ami. Mzee yule aliiacha pampu yake, kitu ambacho hakupata kukifanya, akakimbia na ufunguo wa akiba. Maji yalirudi. Lakini moto ulikuwa umepewa dakika zake na ulizitumia. Koplo alirudi ndani kwa hasira na kwa haya, akasimama alipokwisha kuambiwa na kuwaambia wengine wasisimame. Dari ilishuka. Boriti moja ilimbana mguu wa kushoto chini ya goti. Nilikuwa wa tatu kwenye mpira ule, nilimvuta pamoja na wengine, na sikumbuki chochote cha kishujaa ndani yake, nakumbuka vumbi la chokaa lililonijaa kinywani na yeye akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Taratibu, taratibu." Kasha la bibi halikuonekana.

Asubuhi ofisa aliandika ripoti. Bomba moja halikutoa maji: hiyo ilikuwa kweli, na mabomba mengi yalikuwa hayatoi maji, na kila mtu alijua ni kosa la nani, au alidhani anajua. Hakuna aliyenitazama. Wenzangu waliwalaani wenye dhamana ya mabomba kwa lugha ambayo haifai kwenye kurasa hizi. Nilikuwa na wiki tisa zilizobakia. Ningeweza kunywa chai yangu.

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu niliposema. Sikupanga. Nilisema bomba lile nililijua limekufa, nilikwisha kuoneshwa, na nimelitia kwa ajili ya kina. Askari mmoja akauliza kina ni nini. Nikamweleza. Ilinibidi nieleze, mbele ya watu waliotoka hospitali alfajiri ile, kwamba msikiti na kiti na mti huishia kwa sauti moja. Yule askari akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hiyo tu?"

Hiyo tu.

Hawakunipiga wala hawakunifukuza. Ofisa alisema atafikiri, na nadhani aliona haya kuiandika ripoti upya kwa sababu ya shairi. Kwa wiki mbili hapakuwa na mtu aliyesema nami ila kwa jambo la kazi. Hata jina la Miezi Sita walilisahau. Waliashiria kwa kidevu. Kikombe nilikirudisha kwenye msumari wake na kurudia kopo. Mtu akakitoa kikombe na kukiweka mbele yangu, akaondoka bila ya neno. Mpaka leo sijui ni nani. Nilikinywea, lakini si kwa raha.

Kisha alfajiri moja Ami akasema, "Vaa viatu. Na daftari." Tulizunguka mji upya, mtaa kwa mtaa, na safari hii kila mfuniko tuliufungua. Kazi hiyo ilichukua asubuhi kumi na moja. Niliandika alichosema: hai, limekufa, hai lakini dhaifu, hai ila funguo haishiki. Nilipomaliza nilikuwa na orodha ndefu isiyo na kina hata kimoja, nikaibandika ukutani kando ya vikombe. Haikuimbwa na mtu. Walikuwa wakiisoma wakisubiri chai, vidole vikifuata mistari.

Nilikwenda hospitali kumtazama koplo. Alikwisha kuambiwa. Nilikuwa nimetayarisha maneno, na mtu wa maneno akitayarisha maneno huwa mengi mno. Alinikatiza. "Mti," alisema. "Nilikuwa nauzungusha ufunguo na nasema moyoni, Malenga hawezi kukosea." Akageukia dirishani. Sikujua kabla ya hapo kwamba waliniita Malenga nisipokuwepo.

Zamu zilizofuata walinirudisha kwenye mpira, wa tatu, kisha wa pili. Usiku mmoja, paa la makuti likiungua nje ya mji, Ami alinipa upembo mrefu na kunionesha kwa kidole pa kukata ili moto usivuke. Makuti huyazimi kwa maji ukawahi, unayavuta chini na kuunyima moto njia. Nilivuta. Hakunionesha mara ya pili. Huo ndio ushahidi nilio nao.

Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kujifundisha Kiingereza cha kusomea kwa kamusi na subira, nilikutana na hadithi fupi ya William Sansom, *The Wall*. Sansom alikuwa mzimamoto wa muda mjini London, katika kikosi cha akiba kilichoanza kuandikisha watu mwaka 1938. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, na mabomu yasionekane London kwa karibu mwaka mzima, watu wale wa muda, waliolipwa pauni tatu kwa wiki kukaa kwenye vituo na kusubiri, waliitwa watoro wa jeshi, na miongoni mwa wazimamoto wa kudumu wapo waliowadharau. Kisha tarehe 7 Septemba 1940 ndege zikaja, na zikaja usiku 57 mfululizo. Waandishi kadhaa walipita katika kazi ile: mshairi Stephen Spender, na Henry Green, ambaye kwa jina lake halisi alikuwa Henry Yorke, mwana wa tajiri wa viwanda, aliyeandika riwaya ya *Caught* ya mwaka 1943 juu ya mtu wa muda kituoni na mkubwa wake wa kudumu, na ubaridi uliokuwa baina yao. Mwaka huo huo Humphrey Jennings alitoa filamu ya *Fires Were Started*, waigizaji wake wakiwa wazimamoto wa kweli, na Sansom mwenyewe ndiye mgeni anayeingia kituoni siku ya kwanza. Nilipoiona filamu ile, ukubwa wangu wote, nilijikuta natazama mikono yao nione nani ana kikombe.

Nilisoma pia habari za usiku wa tarehe 29 Desemba 1940. Mabomba makuu yalipasuka, na mto Thames, ambao hujaa na kupwa kama bahari yetu, ulikuwa umekupwa mno, wazimamoto wakahangaika na mipira kwenye matope. Mwenzangu mmoja aliyenisikia nikisimulia hayo alistaajabu mto kukosa maji. Mimi sikustaajabu.

Hadithi ya Sansom niliifasiri. Inahusu ukuta unaowaangukia wazimamoto wakati wa usiku, na katika nukta zile ambazo ukuta uko hewani mwandishi anasimama kueleza vitu vidogo vidogo, kimoja baada ya kimoja, kwa utulivu unaokera. Sikio langu lilitaka kuzifupisha sentensi zile. Kiswahili changu kilikuwa na njia nzuri zaidi, yenye mwendo. Niliandika njia ile nzuri, nikalala, asubuhi nikaifuta. Tafsiri ingali sandukuni, nzito, na wahariri wawili wameniambia haitiririki.

Ami alifariki zamani, Mungu amrehemu. Koplo hakurudi kwenye gari. Alipewa kazi ya ofisini, na sasa amestaafu. Anachechemea. Tunaonana baadhi ya jioni barazani, kwenye kahawa, naye hufanya jambo moja kila nikitokea, mbele ya yeyote aliyepo. Hunyanyua mkono na kuusema ubeti wote, polepole, kwa sauti ya msomaji mzuri, mpaka mwisho.

"Maji tele ya kuzima," humalizia. Kisha husogea kidogo ili nipate pa kukaa.